Picha ya Jicho la Kulia

Mke mwenzangu Zamda,

Usicheke mwandiko. Mie shule niliishia darasa la nne, haya mengine niliyapata kwenye elimu ya watu wazima, na mwalimu mwenyewe nilikuwa namzidi umri. Naandika saa tisa hii ya mchana, wewe umeenda kuwaaga shoga zako, maana jua likishuka mstari siuoni. Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Mdomo ninao, na Vingunguti nzima inaujua. Lakini nikikaa mbele yako nitaanza kukugombeza habari za begi, na neno lenyewe litarudi tumboni. Limekaa huko miaka kumi na tisa.

Habari za sweta, sijui Mbeya baridi, sijui chemsha maji, sijui usimwamini kila mtu, sikuandikii. Una miaka ishirini na mbili na kazi umepata. Kama mlango hujui kufunga, basi wakuibie tu.

Nakuandikia kuhusu boksi la babu yako, lile la kuchungulia picha.

Ulilitoa juu ya kabati bila kuniuliza, Ramadhani hii iliyopita, mie nimejilaza mchana na funga yangu. Nikaamka nakukuta umekaa katikati ya sebule, boksi umelibandika usoni kama mtu aliyevishwa kinyago. Nikakwambia weka chini. Hukuweka. Ukasema, "Bibi, humu ndani kuna mtu. Amesimama."

"Humo kuna babu yako na vinyago vyake," nikasema, nikaenda kutawadha.

Mtu uliyemwona kilikuwa kinyago cha mzee mwenye mkongojo, kiliuzwa hata hujazaliwa. Lakini ulisema kweli. Mle ndani hawalali kwenye karatasi kama picha zingine. Wanasimama. Mbele yao kuna hewa na nyuma yao kuna hewa, na wanangoja.

Basi kuanzia siku ile ukawa huna kazi nyingine. Simu mkononi, unapiga ndoo, unapiga viatu, unapiga paka wa jirani. Unakimbilia steshenari kuzichapa, unazipachika kwenye boksi, unanisumbua.

"Bibi, hebu chungulia."

Nikachungulia. Ndoo mbili zinavutana, kichwa kikaanza kuniuma. "Takataka hii."

"Aa, bibi! Nimehangaika asubuhi nzima!"

"Umehangaika vibaya. Umegeuza simu. Simu haigeuzwi, inasogezwa."

Ukanitolea macho. "Kwani wewe umejuaje?"

"Ulidhani babu yako alioa gogo?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeshasema zaidi ya nilivyotaka.

Sasa nakwambia nilivyojua. Babu yako alikuwa na kibanda chake Mikocheni, pembeni ya barabara, anachonga mpingo kama baba yake alivyochonga kule Newala. Siku moja akaja mteja, mzee wa kigeni, akakipiga kinyago kimoja picha mbili. Ya kwanza ameegemea mguu wa kushoto, ya pili ameegemea wa kulia. Babu yako akamwuliza, vipi, ya kwanza imeharibika? Yule mzee akamwonyesha. Picha ya kwanza ni ya jicho la kushoto, ya pili ni ya jicho la kulia. Ukizipa kila jicho yake, kichwa kinaziunganisha na kitu kinainuka.

Alirudi nyumbani hakugusa chakula. "Somoe," akaniambia, "picha ya kawaida inakilaza kinyago. Hii inakisimamisha."

Akachonga boksi kwa mninga, maana mpingo ungemvunja mtu shingo. Akatia vioo viwili vya miwani ya kusomea. Akachonga na ule ubao wenye mfereji ambao wewe ulitaka kuukatia vitunguu, kumbe ndimo kamera inamotelezea isiyumbe. Akanunua kamera ya mkononi, ya filamu. Na tangu hapo, kila kinyago kilichopata mnunuzi alikipiga mara mbili kabla hakijafungwa kwenye magazeti. Kilichobaki kibandani hakukipiga. Elewa hilo, Zamda. Mle ndani ya boksi alikuwa anaweka vinavyoondoka tu.

Mie nilikuwa namshikia. Natandika kitambaa nyuma, napima vidole. Vidole vitatu, hiyo ndiyo nafasi ya jicho na jicho. Kitu kikiwa karibu, kama kinyago mezani, punguza, kidole kimoja na nusu kinatosha. Kikiwa mbali kama paa la machinjio, songa hatua nzima, lakini usizidishe, utakuja kuona machinjio yamekuwa kibanda cha kuku. Viwiko vibane mbavuni. Usipumue. Ukishachapa, kata kwa wembe, sawasawa, upana wa vidole vinne, ya kushoto ikae kushoto. Mie niliwahi kuzibadilisha kwa haraka. Nikachungulia, kile kinyago kilikuwa kimeingia ndani, pua inaelekea kwake badala ya kwangu, kama nimekivaa mie na natazama kwa upande wa ndani. Sikula siku ile. Huo ni ujinga wangu wa kwanza, na ni mdogo.

Na kitu kinachotembea usikipige. Kunguru akiruka baada ya picha ya kwanza, jicho moja linamwona na jingine halimwoni, basi kichwa kinashindwa kuamua. Anatetemeka pale, yupo na hayupo. Tulizoea. Makunguru ya machinjioni yalituharibia picha ngapi! Babu yako alikuwa anacheka, "Somoe, leo tena nimepiga jini." Nilikuwa nacheka na mie. Shika kwamba nilikuwa nalijua hilo.

Haya. Ilikuwa Idd pili. Mama yako Rehema alishonewa gauni la bluu, akamfuata babu yako.

"Baba, nipige na mie za kusimama."

Mie nilikuwa uani na sufuria la pilau, nikapaza sauti, "We mzee, usimpige huyo! Wewe unapigaga vinavyoondoka!"

Rehema akacheka. Unajua kicheko chako? Hukukiokota njiani. Akasema, "Mama nawe! Kwani mie nimeuzwa?" Akaenda kusimama nje, mbele ya mlango, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Nikamsikia babu yako, "Rehema, usipumue," na yeye anajibu, "Baba, mie siyo kinyago." Basi. Maneno ya mwisho niliyomsikia akisema kwa furaha ndiyo hayo.

Wiki tatu baadaye homa ilimchukua kwa siku nne. Wewe ulikuwa na miaka mitatu.

Filamu ilikuwa haijaisha kwenye kamera. Babu yako aliipeleka kusafishwa baada ya arobaini. Akakata zile mbili kwa wembe, akazipachika, akatazama mchana kutwa. Alipotoka kwenda msikitini kwa sala ya alasiri, nikalichukua boksi.

Alikuwepo, Zamda. Mwanangu alikuwa amesimama. Gauni linampepea mbali na miguu, mkono ungeweza kuuzungushia kidole. Nilimwambia, "Rehema, ulikuwa wapi?" Nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni. Kisha nikaona nyuma yake. Mle mlangoni, kwenye giza la ndani, kulikuwa na kitu cheupe. Kifupi. Kinatetemeka. Nikikikazia macho kinafifia, nikimtazama Rehema kinarudi. Cheupe kama sanda. Na kilikuwa na uso wako.

Babu yako aliporudi nikamwuliza ni nini kile. Akasema, "Ni Zamda huyo na gauni lake la Idd. Alichomoka ndani nikishapiga ya kwanza. Yupo kwenye picha ya kulia tu."

"Zamda alikuwa uani na mie."

"Somoe, alichomoka."

"Mie ndiye niliyekuwa namwangalia! Mtoto hajaniondokea machoni hata kidogo!" Nikaapa. Nikashika msahafu.

Unaona palipo kosa? Nilikuwa nimempa mgongo mtoto. Nilikuwa nakoroga pilau. Dakika moja, pengine mbili. Lakini nilikuwa nimetoka kuzika mwanangu, na mwanamke aliyetoka kuzika mwanawe halafu akubali kwamba hata mjukuu alimponyoka machoni, huyo atabaki na nini? Nikaona afadhali kile cha mlangoni kiwe jini kuliko mie niwe mzembe.

Wiki ile ile ukaanguka homa. Unaweweseka, unaita mama, unatazama mlangoni. Mama Chiku, yule jirani wa upande wa machinjio, akaja kukuona, nikamwonyesha boksi. Akachungulia, akaliweka chini taratibu, akavuta khanga kichwani. "Bi Somoe," akasema, "Rehema anamwita mwanawe. Ameshamfikisha mlangoni."

Nikaichomoa picha ya kulia. Babu yako aliporudi nikamwambia nimeichoma kwenye jiko la mkaa.

Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa kwenye kiti chake, akatia ile ya kushoto ndani ya boksi, upande wa pili akatia karatasi nyeupe. Akasema, "Umenitoboa jicho moja." Akaendelea kutazama.

Homa ikakuacha kesho yake. Sasa mtu ataniambia nini? Nilikuwa nimeshinda. Na nikishashinda mie, Zamda, wewe unanijua, sirudi nyuma.

Miaka yote babu yako alikuwa anatazama hivyo, Rehema jicho moja na karatasi nyeupe jicho la pili. Ulikuwa unamkuta hapo ukitoka shule. Ulimwuliza anatazama nini, akakwambia, "Mke wangu mdogo, nakutazama wewe." Ukadhani ni utani. Boksi hakukupa uchungulie, mie nilimkataza. Ile karatasi ilikuwa haina kitu. Lakini mara nyingine alikuwa anatabasamu kwa upande ule wa karatasi, na mie nilikuwa nahama chumba.

Nawe ukawa unaniuliza. Ulikuwa darasa la tano siku uliyokuja na machozi, wenzako wote wana picha na mama zao. "Bibi, hata moja hakuna?" Nikakwambia hakuna, na usiniletee maswali ya kijinga, kafue soksi. Ulifua huku unalia. Nilikuwa nakuona kwa dirishani.

Picha sikuichoma. Niliishika juu ya mkaa mpaka pembe ikaanza kukunjika. Halafu nikaona uso wa Rehema unakunjika pamoja nayo, vidole vikagoma. Niliishonea ndani ya mto wangu, ule wa sufi. Nimeulalia huo mto tangu wewe una miaka mitatu.

Babu yako alipokuwa mahututi, wewe upo kidato cha pili, uliniambia, "Bibi, mto wa babu umekuwa mwembamba, mpe wako." Nikampa. Mchana mmoja, umeenda dukani, akafumbua macho. "Somoe," akasema, "ile picha. Kweli uliichoma?"

Kichwa chake kilikuwa juu ya picha yenyewe. Kilichokuwa kati yake na ile picha ni sufi na kitambaa. Ningechukua mkasi tu.

Nikasema, "Nilichoma. Lala."

Akalala. Hakuamka na swali jingine.

Sitaki unionee huruma hapo. Nakwambia ili ujue unatoka kwenye nyumba ya mtu wa namna gani, na damu hiyo unayo. Nimeona unavyonuna ukikosea. Ile siku ulimsingizia Chiku kuvunja kikombe, nilijua, nikanyamaza kwa sababu nilijiona mwenyewe.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumatatu iliyopita ulipiga picha ya nyumba kutoka barabarani. Ukazichapa, ukazikata, safari hii vizuri, nakusifu mara moja tu. Ukaniletea. Nikachungulia. Nyumba imesimama, ngazi zimesimama, kamba ya nguo inapita hewani. Na mle mlangoni kuna kitu. Kinatetemeka, yupo na hayupo, kimejifunga kitu cheupe kichwani.

Nilipiga ukelele mpaka muuza mkaa akaja. Nilijua nimefuatwa. Nikasema basi, Rehema amechoka kungoja, sasa ananitaka mie.

Nawe unacheka! Umekaa chini kwenye mchanga, unacheka! "Bibi, ni wewe huyo! Ulipita mlangoni na mtandio wako! Nilikwambia usipite!"

"Mie sikupita."

"Ulipita, bibi. Unakwenda kuchukua ungo. Huu hapa ungo, umeukalia."

Nikautazama ungo. Nikajitazama mle ndani. Nilikuwa natetemeka mlangoni kama mzimu, na hapo hapo nilikuwa nimekaa kwenye ungo, mzima, goti linaniuma. Na midomo yangu ilikuwa imeshaanza kuapa kwamba sikupita.

Juzi ulipokwenda kukata tiketi, nilichukua mkasi nikaufumua mto. Sufi ilijaa chumba kizima, ndiyo maana ulinikuta napiga chafya nikakwambia ni vumbi. Picha imekuwa ya njano na pembe moja nyeusi, lakini ipo. Ya kushoto nilikuwa nimeitoa kwenye boksi na kuificha tangu tulipomzika babu yako; nikaipachika kushoto, na hii kulia. Nikakaa dirishani penye mwanga. Mara mbili nilishindwa kuliinua boksi. Mara ya tatu nikaliinua.

Upo. Umefika mlangoni, mguu mmoja umeuinua, mdomo wazi. Unatetemeka vile vile. Sikuondoa macho.

Ndipo nikaona ambacho sikukiona siku ile kwa sababu ya woga. Siyo wewe tu unayetetemeka. Macho ya Rehema nayo yanatetemeka. Nikafumba jicho la kulia: anamtazama baba yake, amebana pumzi kama alivyoambiwa. Nikafumba la kushoto: shingo imeanza kugeuka. Macho yameshafika begani, yanaelekea mlangoni, na shavu limeanza kucheka. Amesikia miguu yako. Wewe ulikuwa unaita, Zamda. Unaona mdomo wako ulivyo? Unasema "mama". Siye yeye aliyekuwa anakuita wewe. Wewe ndiye uliyemwita, naye alikuwa anageuka.

Miaka kumi na tisa nimelalia kitu hicho. Jana nilikwenda makaburini nikamweleza babu yako. Hakujibu. Hata alipokuwa hai, nikikosa alikuwa hanijibu.

Boksi limo ndani ya begi lako, nimelifunga kwa lile gauni la bluu. Ndiyo, nililitunza na gauni. Picha zimo zote mbili. Usifungue kwenye basi mbele ya watu, utakuja kupiga ukelele kama mie. Fungua ukiwa umekaa, mchana, dirishani. Mwanzo utaogopa. Ngoja. Fumba jicho moja, kisha jingine, ndipo uyafungue yote. Na huko uendelee kupiga, lakini hata vinavyobaki vipige, siyo vinavyoondoka tu. Hapo babu yako alikosea, na nilikuwa sijawahi kumwambia.

Mie bila boksi naweza. Nazishika picha mbele ya uso, nalegeza macho kama mtu aliyechoka kumsikiliza mgeni, zenyewe zinakutana. Ubao nimeubakiza, nina kazi nao.

Kesho asubuhi ukishabeba begi, simama mlangoni, pale pale. Nitaweka ubao juu ya stuli, nitapiga ya kushoto kwa ile simu yako ya zamani uliyoniachia. Usilazimishe kutabasamu, unakuwaga na sura mbaya. Nikishapiga, nipe shikamoo yangu, uende. Ya kulia sitaipiga hapo hapo. Nitaisogeza simu vidole vitatu kwenye mfereji, nitakungoja upite kwa muuza mkaa, ukate kona. Mlango ukishakuwa mtupu, ndipo nitabonyeza.

Wataalamu watasema nimeharibu. Najua nitakachokiona: mlango umesimama, ngazi zimesimama, na wewe na begi lako unatetemeka pale kati, upo na hupo. Nitazibandika ukutani sebuleni, mbili sambamba. Mama Chiku akija, nikamfundisha kulegeza macho, akavuta khanga yake kichwani akaniuliza ni nini kile cha mlangoni, nitamwambia ni Zamda huyo, yupo Mbeya, hajambo.

Bibi yako,
Somoe